Yule wa "ugali na sukari" leo kavuka mpaka, tena mbele ya mama yangu!

Nyote mnamjua, simtaji. Yule wa baraza ya kahawa anayezijua sheria za FIFA kuliko FIFA wenyewe. Leo magharibi kapita kwa mama anapouza urojo, wateja wamejaa, kapaza sauti ya kusikika hadi Chumbe: "Bi mkubwa, mwanao bado anakula ugali na sukari?" Watu wakaangua kicheko. Mama kashika upawa, bakuli la mtu halijajaa, kainamisha macho.

Kosa la mdogo wangu ni kuidai klabu yake mishahara. Basi! Toka kesi ya mchezaji Fei Toto na klabu yake Yanga, mchezaji akidai chake tu anaitwa ugali na sukari. Yale maneno mama yake Fei aliyasema kwa uchungu wa mzazi, kueleza shida za mwanawe, nyie mkayafanya ngoma. Kijana kaweka milioni 112 avunje mkataba, Januari 2023 TFF, shirikisho la soka, wakasema bado ni wa Yanga, kaomba achangiwe aende CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, mpaka Rais Samia akawaambia Yanga wayamalize, Juni kaenda zake klabu ya Azam. Yamekwisha! Mama yangu anaingiaje? Mbele ya wateja! Upawa mkononi!

Yakhe wa Ng'ambo: Huyo ana deni la kahawa toka Ramadhani, na bado anachambua mikataba ya watu.

Bint Mkunazini: Povu lote hili kwa sababu ya sukari? Kunywa maji, kaka.

Wakili wa Vijiweni: Mkataba ni mkataba. Ukivunja bila sababu ya haki unalipa fidia, kifungu cha 17 cha FIFA. Fei alidhani kuweka pesa ndiyo ruhusa.

Mtoa mada: Nani kakuuliza kifungu? MBELE YA WATEJA!

Gozi la Mnazi Mmoja: Wakili, hicho kifungu chako mahakama ya Ulaya ilikitia dosari Oktoba 2024, kesi ya mchezaji Lassana Diarra wa Ufaransa. Soma.

Wakili wa Vijiweni: Mwanakwerekwe ni Ulaya?

Wete Kwetu: Nyie Unguja mna nafasi ya kugombania sukari. Huku Pemba bahari ikichafuka boti hakuna, mgonjwa anangoja gatini.

Bint Mkunazini: Hilo la boti ndilo la kufungulia uzi.

Mla Urojo: Na mbatata za huo urojo zimepungua, hilo mbona halisemwi?

Mtoa mada: Usimguse mama yangu!

Yakhe wa Ng'ambo: Mbatata Darajani hazishikiki, bibi wa watu afanyeje?

Wete Kwetu: Na nazi je? Huku tunazo, zinaozea gatini kwa kukosa boti.