Kizazi Moto inatoka Jumatano hii, ni moto kweli au treila ndiyo tamu?

Mtu_wa_Mbeya (Jumapili, 2 Julai 2023)

Wakuu heshima kwenu. Jumatano hii tarehe 5 ndiyo Kizazi Moto inaingia Disney+, ile huduma ya kulipia ya kuangalia muvi mtandaoni. Kwa ambaye hajaisikia ni hadithi 10 fupi za saifai (hadithi za kisayansi) za katuni kutoka Afrika, kila moja na waongozaji wake, Sauzi wamebeba nyingi ila Zimbabwe wamo, Nigeria wamo, Misri wamo, na majirani zetu Kenya na Uganda kila mmoja ana ya kwake. Mimi naisubiri tangu walivyoitangaza 2021, ikasemwa itatoka mwishoni mwa 2022, mwaka ukaisha kimya, ikasogezwa, sasa treila imetoka naiangalia mpaka bando linakata nanunua lingine narudia.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza hivi kweli Disney+ haifunguki kabisa huku kwetu? Nimejaribu kujiunga naambiwa huduma haipo nchini kwako. Sirizi ina jina la Kiswahili, halafu mtu wa Mbeya, wa Kisumu, wa Bujumbura hana pa kuiangalia, hiyo inaniuma jamani. Pili wale mtakaoiona mapema nipeni ukweli, sitaki zile sifa za kupeana moyo kwa sababu ni ya Waafrika wenzetu. Wachambuzi wa nje naona wanasifu sana picha, mimi nataka kujua hadithi. Hofu yangu ni kwamba tangu Wakanda ije, ile nchi ya kubuni ya kwenye muvi ya Black Panther, kila anayetaka kuonyesha Afrika ya mbele anachukua ghorofa la kioo anabandika shanga na ngao basi, ameshamaliza. Humu kuna watu wenye shida zao za kueleweka au ni mapambo?

Mchoraji_Rongai (Jumatatu, 3 Julai 2023)

Niaje Mbeya. Mimi hufanya animesheni hapa Nairobi kwa hivyo hii kitu nimeifuata kwa karibu sana. Disney+ kwa Afrika iliingia Sauzi Mei 2022, mwezi uliofuata ikafungua Misri, Moroko, Algeria, Tunisia na Libya. Basi. Kenya hakuna, Tanzania hakuna, Uganda hakuna, hata Nigeria na wingi wao wote hakuna. Sasa fikiria Raymond Malinga ni mtu wa Kampala, ametengeneza Herderboy, ile hadithi ya Uganda humu ndani, na mtu aliyesoma naye darasa moja hawezi kuifungua kwa simu yake. Hilo si jambo dogo na sitaki tulipite haraka, kwa sababu sirizi ikikosa watazamaji wa nyumbani, kesho mtu wa ofisini huko Marekani atasema Waafrika wenyewe hawakuitazama.

Kuhusu mapambo sina wasiwasi sana, na ni kwa sababu ya vile ilivyotengenezwa. Studio ya Triggerfish ya Cape Town ilipokea mapendekezo ya wasanii zaidi ya 70, wakachuja wakabaki na 15, wakayafanyia kazi kwa miezi, ndio zikatoka hizi 10. Prodyuza mkuu ni Peter Ramsey, mmoja wa wale waongozaji watatu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, kwa hivyo ni mtu anayejua katuni inaweza kuchorwa vile mwenyewe unataka, si lazima zote zing'ae kama plastiki. Na ya Kenya iko mikononi mwa Ng'endo Mukii. Kama hujui kazi yake tafuta Yellow Fever ya 2012, ile filamu yake fupi kuhusu wanawake kujichubua ngozi, amechanganya wacheza densi na michoro mpaka unahisi ngozi yako mwenyewe inawasha. Mtu wa aina hiyo hawezi kukuletea ngao na shanga tu.

Bint_Muscat (Ijumaa, 7 Julai 2023)

Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, huku Disney+ tunayo tokea mwaka jana, na juzi usiku nimeziangalia zote kumi pamoja na wanangu maana ni fupi, kama dakika kumi hivi kila moja. Ndugu yangu wa Mbeya, nakwambia kwa moyo mmoja, hadithi zipo.

Ile iliyonishika khasa ni Mukudzei ya Zimbabwe. Kijana nyota wa mitandaoni anakwenda kwenye magofu ya Great Zimbabwe kutafuta sifa, heshima hana, mara anajikuta kwenye Zimbabwe nyengine ambayo wakoloni hawakuitawala kabisa. Yaani badala ya kukuhubiria ukoloni ulituharibia nini, wanakuonyesha mji ule ambavyo ungeweza kuwa, basi unakaa unautazama na roho inakuuma. Mwanangu wa kiume kaniuliza, mama na sisi Unguja ingekuwaje? Nikashindwa kumjibu pale pale, tukakaa tukazungumza hadi saa sita za usiku, na hicho ndicho ninachokitaka mie kwenye hadithi za kisayansi, impe mtoto swali ambalo skuli hawajampa.

Moremi ya Nigeria nayo ni nzito. Kwenye kisa cha kale cha Wayoruba Moremi ni yule mwanamke wa Ife aliyeweka nadhiri kwa mto ili awaokoe watu wake, na malipo yakawa mwanawe wa pekee. Humu wamemgeuza kuwa mwanasayansi, lakini lile donda la mama na mtoto wameliacha pale pale. Binti yangu mdogo aliogopa kidogo, kwa hiyo mwenye watoto wadogo akae nao.

Enkai ya Kenya ndiyo niliyoipenda kwa macho. Mama ni mungu anayeumba dunia, binti anajifunza kazi ya mama yake, na ugomvi wa wanaadamu unammaliza yule mama kidogo kidogo. Zile rangi na sura za watu zinakaa kama kitu kilichofanywa kwa mkono.

Mwana_Karagwe (Jumamosi, 8 Julai 2023)

Wadau mimi niko Pretoria kimasomo ila kwetu ni Karagwe mkoa wa Kagera, nimeingia hapa kwa sababu ya Herderboy na sioni watu wakiizungumzia inavyostahili. Wachezaji wake ni wachungaji nusu mtu nusu mashine, kikosi cha heshima kinaitwa Chwezi, wanalinda ng'ombe wasidhurike na mizimu, na mhusika mkuu anaitwa Ndahura. Sasa kwa mtu wa nje hayo ni majina mazuri ya kubuni tu, lakini kwa mtu aliyekulia ukanda wa maziwa makuu hapo mwili unasisimka. Wachwezi ndio watawala wa simulizi za Kitara, ufalme wa kale wa upande wa Uganda, Ndahura ni mfalme wao, na hawakuishia Bunyoro, kwetu Kagera wazee wanamtaja Wamara, Wahaya wanamtaja Mugasha wa ziwani, ni ukoo ule ule wa masimulizi. Simulizi zinasema Wachwezi walitoweka, hakuna anayejua walikwenda wapi. Malinga amechukua watu waliotoweka zamani akawaweka mbele yetu wakiwa na vyuma mwilini, na bado wanachunga ng'ombe! Hilo ndilo jibu la swali la mapambo mkuu, ng'ombe kwa wafugaji wa kule si urembo, ni ufalme, ni mahari, ni jina la mtu, ukiondoa ng'ombe hadithi nzima inaanguka.

Surf Sangoma ya huku Durban nayo vijana wenzangu wa hosteli waliishangilia sana, ila mimi kura yangu ni Herderboy.

Kipanga_Leeds (Jumapili, 9 Julai 2023)

Naheshimu mliyosema lakini acha nitoe upande wa pili maana aliyeuliza aliomba ukweli. Nimeangalia zote huku Uingereza. Picha ni za kiwango cha juu, sibishi. Tatizo ni hizo dakika 10. Karibu kila hadithi inabidi ikueleze dunia mpya, miungu yake, mashine zake, mgogoro wa familia, kisha vita, kisha suluhu, yote kabla chai haijapoa. Matokeo yake mhusika anabadilika tabia kwa sababu muda umekwisha, sio kwa sababu kuna kilichomgusa. Hatima kwa mfano ina watu wa bahari na watu wa nchi kavu wenye uadui, hiyo peke yake ni sirizi ya episodi nane, nilikuwa ndio naanza kuwaelewa wakamaliza.

Halafu ukiangalia zote mfululizo unaona umbo moja linajirudia, kijana, mzazi au bibi, nguvu za mizimu, kijana anajitambua. Kila moja peke yake ni nzuri, zikifuatana zinachosha. Na mazungumzo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, wameweka maneno ya lugha za kwetu hapa na pale. Mimi ningependa kumsikia yule mungu wa Enkai akiongea Kimaasai mwanzo hadi mwisho na maandishi chini, Wakorea wamefanya hivyo kwa lugha yao na dunia nzima imesoma maandishi bila kulalamika.

Mchoraji_Rongai (Jumapili, 9 Julai 2023)

Kipanga hapo kwa lugha niko na wewe kabisa. Kwa dakika wacha nikueleze upande wa kazi. Animesheni hulipwa kwa sekunde. Kila sekunde unayoona kuna mtu amejenga mwili wa mhusika, mwingine amempa mifupa ndio aweze kusogea, mwingine amefanya mwendo, mwingine nguo na nywele, mwingine taa, halafu kompyuta inakaa ikipika picha moja moja. Kwa sirizi ya kawaida ukishamjenga mhusika unamtumia msimu mzima. Hapa kila hadithi ina dunia yake, kwa hivyo baada ya dakika 10 kila kitu ulichojenga unakiacha unaanza upya. Ni kama kujenga nyumba kumi za kulala usiku mmoja. Waliamua kufungulia milango waongozaji wengi badala ya kumpa mmoja sirizi ndefu, na mimi kama mtu wa hii kazi nashukuru, kwa sababu sasa kuna watu wa Kampala, Harare na Nairobi wanaoweza kuingia ofisi yoyote na kusema nimeshaongoza, angalia.

Lakini kuhusu umbo kujirudia hiyo ni kweli, hata mimi naona watu wengi wanaikosoa hivyo na iko na msingi. Dawa ni kutoziangalia kwa mfululizo. Moja leo, nyingine kesho kutwa.

Mtu_wa_Mbeya (Jumatatu, 10 Julai 2023)

Asanteni sana wakuu, dada wa Muscat umenimaliza na hiyo ya Zimbabwe. Bado sijaiona hata moja. Kuna jamaa hapa mjini ana maktaba ya muvi anasema ataniwekea kwenye flash siku si nyingi, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa, ila nikikumbuka alivyosema Mchoraji kuhusu kuhesabiwa watazamaji najikuta nasita, maana hao wasanii ni wa huku huku. Kuna anayejua kama wana mpango wa kufungua huku, au kitu cha kufanana nacho kinachofunguka kihalali?

Mchoraji_Rongai (Jumatatu, 10 Julai 2023)

Ya kufungua huku sijasikia lolote. Ila tarehe 20 mwezi huu huu Netflix inatoa Supa Team 4, ya Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wanapigana na wahalifu kwenye Lusaka ya baadaye, na studio ni hao hao Triggerfish. Hiyo ni ya watoto zaidi na ni sirizi yenye wahusika wale wale kila episodi, kwa hivyo Kipanga atapata muda wake wa kuwazoea. Netflix inafunguka Kenya, Tanzania, Uganda, kote.

Bint_Muscat (Jumatatu, 10 Julai 2023)

Mbeya, ukija kuipata Kizazi Moto siku yoyote anza na Mukudzei, kisha Herderboy, Enkai iweke mwisho. Na hiyo ya Zambia mie nishaiandika kwenye kalenda ya jikoni. Wanangu wameshaniuliza mara ngapi kama inatoka asubuhi au usiku.

Mtu_wa_Mbeya (Jumatatu, 10 Julai 2023)

Sawa kabisa. Tarehe 20 nafungua uzi wa Supa Team 4, Kipanga usikose, nataka ukosoaji wako wa kwanza.