Mwanangu alikula kamba, akazimia mikononi mwangu. Ni mzio au kitu kingine?

Mama Chumbageni

Habari zenu ndugu. Leo siku ya nane na usingizi bado hauji vizuri. Mwanangu ana miaka saba, kilo 22. Jumapili tulikuwa kwa mama yake mkubwa Pangani, tukapikiwa wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Alikula kamba watatu, wanne. Hata sahani hazijaondolewa mkekani, akasema, "Mama, ulimi unawasha." Nikamnawisha nikidhani ni pilipili. Robo saa haikuisha, mabaka mekundu yakatapakaa tumbo na mgongo, jicho moja likavimba mpaka likafumba. Akatapika mara mbili. Kilichonitisha zaidi ni sauti: ilikuwa inakwaruza, si ya mwanangu.

Tulimkimbiza kwa bodaboda zahanati ya karibu. Wakamchoma haidrokotisoni na Piriton, tukaambiwa ni mzio wa kawaida, apumzike. Mabaka yakapungua kweli. Baadaye kidogo akataka kwenda chooni, nikamsimamisha. Hatua mbili tu, akalegea mwili mzima, midomo ya kijivu, jasho la baridi. Muuguzi mmoja wa makamo akaja mbio, akamlaza, akavunja kichupa kidogo na kumchoma pajani. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy, sijui nilirudia mara ngapi, akafumbua macho.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi yake anasema degedege, jirani anasema jicho la watu. Ni kamba kweli, ilhali mwaka jana aliwala bila shida? Ile sindano ya pajani ni dawa gani? Nyumbani niweke nini? Na samaki nao nimkataze?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana mama, na hongera kwa kumwahisha. Niko chumba cha dharura mwaka wa kumi na moja sasa.

Hiyo inaitwa anafilaksia, mzio mkali unaoshika mwili mzima. Pale pale hatusubiri kipimo cha maabara, tunaitambua kwa macho na kwa saa. Mtu amekula kitu, kisha ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi zinaguswa sehemu zaidi ya moja. Kwa mwanao ilikuwa ngozi, tumbo, koo (hiyo sauti!), mwisho presha ikaanguka. Degedege haileti mabaka wala haikwaruzi sauti. Kuhusu mwaka jana, kinga ya mwili hukutana na kitu kwanza, ndipo siku nyingine ikakigeuka.

Sindano ya pajani ni adrenalini. Inabana mishipa iliyolegea, inafungua njia ya hewa na kushusha uvimbe wa koo. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na nalisema hili kila nikipata nafasi kwa sababu nimeona watoto wakicheleweshwa. Piriton inatuliza muwasho tu. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Mabaka yakipungua tunadhani mgonjwa amepona, kumbe presha inashuka kimya kimya.

Kusimama ndiko kulikomwangusha. Mishipa ikishalegea, damu inakimbilia miguuni na moyo unakosa cha kusukuma. Alazwe, miguu iinuliwe juu ya mto. Akitapika, alazwe ubavu. Akishindwa kupumua, aketi huku miguu imenyooshwa. Haja ndogo ataifanyia kwenye beseni hapo hapo.

Kipimo cha adrenalini ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kichupa kina miligramu 1 ndani ya mililita 1, hivyo kwa kilo 22 ni mililita 0.22, haifiki hata robo ya kichupa. Asipopata nafuu hurudiwa baada ya dakika 5. Hata akiamka anacheka, abaki hospitali saa kadhaa, maana inaweza kurudi.

Peni za adrenalini, yaani sindano zilizojazwa dawa tayari, mikoani hazipatikani kirahisi. Mwombe daktari akuandikie vichupa na sindano za mililita 1, akufundishe kwa mikono yako mwenyewe mpaka aridhike kwamba unafanya sawasawa. Usijaribu kwa kusoma hapa. Vitunze mbali na jua na joto, na dawa ikigeuka rangi itupe.

Kamba, kaa, kamba kochi na uduvi wote ni ukoo mmoja, aache. Samaki ni kitu kingine. Kama alikuwa anakula changu au kibua salama, aendelee, ila wasikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga kamba.

Mfuga Nyuki, Sikonge

Dada, mimi yalinipata kwa nyuki. Nimeumwa mara nyingi tangu utotoni, navimba kidogo, yanaisha. Siku moja kwenye mzinga, mmoja tu akanichoma shingoni. Viganja na nyayo zikaanza kuwasha, kisha nikajua, sikuwaza, nilijua kabisa kwamba nakufa. Mabaka sikuwa nayo hata moja. Mwenzangu alitaka kunitembeza mpaka barabarani, miguu ikakataa, akanilaza kwenye majani na kuita pikipiki. Kumbe kule kunilaza ndiko kulikoniokoa. Sasa vichupa viwili siachi nyumbani, na mwenzangu naye amefundishwa, kwa sababu siku hiyo mimi sitaweza kujichoma.

Mama Chumbageni

Ahsanteni, nimesoma nikilia. Leo nimekwenda kwa daktari, amekubali kuniandikia, na Alhamisi nitafundishwa pamoja na baba yake. Kipimo cha kuchomwa ngozi amesema tusubiri wiki kama sita tangu siku ile. Shuleni nimeongea na mwalimu wa darasa.

Muuguzi, umenifumbua macho kuhusu uduvi. Nimekumbuka shangazi yake hutia unga wa uduvi kwenye mchuzi wa mchicha, na mwezi uliopita mtoto alilalamika koo linawasha tukamwambia anadeka. Kopo nimelitoa jikoni. Mchana kaniuliza kama kibua anaruhusiwa, nikamkaangia mmoja kwenye mafuta mapya, nikakaa naye mpaka alipomaliza.