Mjadala: Mtoto wa la saba akiachiwa asome tu, maji anachota nani?

Wazazi wenzangu wa Kigoma na Tabora, naomba tulijadili jambo hili kwa uwazi, maana limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa na mkutano wa wazazi kwenye shule wanayosoma wanangu hapa Kigoma mjini. Ilipofika ajenda ya mtihani wa Septemba, wazazi wa darasa la saba tukaombwa tukubaliane kwamba kuanzia sasa mtoto asipewe kazi yoyote nyumbani siku za wiki. Akitoka shule aingie twisheni hadi saa kumi na mbili jioni, akirudi ale, asome, alale. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, wala sikusema neno, na ndiyo maana naandika hapa.

Ombi lile naliona baya, na si kwamba mtihani sijali. Mwanangu wa kwanza yuko la saba mwaka huu. Mimi nauza kwenye duka la dawa pale Mwanga, natoka nyumbani saa moja kasoro asubuhi na kurudi saa moja usiku. Baba yao ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko njia ya Kasulu na Kibondo. Watoto ni watatu: wa kiume miaka 13, wa kike 10, na mdogo wao wa kiume miaka 6. Binti wa kazi nilikuwa naye, nikamrudisha kwao akaendelee na shule. Niliambiwa ana miaka 17. Siku moja tukiwa tunachambua mchele nikamuuliza vizuri, akasema 13. Umri wa mwanangu. Usiku ule sikulala, kwa sababu mtoto wa mwenzangu alikuwa anafua soksi za mwanangu ili mwanangu apate muda wa kusoma.

Tangu hapo nyumba tunaiendesha wenyewe. Maharage tunayaloweka Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi maji yale yanamwagwa, maharage yanabandikwa kilo mbili kwa mkupuo bila chumvi wala kiungo, yakiiva yanagawanywa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na kuingia friza. Jumanne jioni ni kukaanga kitunguu na nyanya kwenye mawese na kumimina kikopo. Dakika 15 mboga iko tayari, anabaki mtu wa kusonga ugali. Mashati ya shule kila mtoto ana mawili tu, hivyo Jumatano jioni kila mmoja anafua lake. Hata huyu wa miaka 6 analoweka na kusugua kola, mimi namalizia. Viatu na mabegi vinakaa mlangoni tangu usiku, na hilo peke yake limetuondolea kelele zote za asubuhi.

Mkubwa ndiye mtu wa dagaa. Anachukua ungo, anakaa kwenye kigoda penye mwanga, anawapepeta, kisha anawapitisha kwenye maji ya moto mara mbili. Ameshajua kwamba dagaa walioanikwa chini wana mchanga kuliko walioanikwa kwenye vichanja. Tukienda Kibirizi yeye ndiye anayesugua kiganja cha dagaa juu ya karatasi na kuangalia kilichobaki kabla sijatoa hela. Wauzaji wameshamzoea. Mdogo anapanga sahani na vijiko, na anahesabu kwa sauti: baba akiwa safari ni wanne, akirudi ni watano. Kujumlisha alianzia pale, kabla ya darasani.

Nimeangalia saa ya ukutani wiki mbili mfululizo. Siku ya shule kazi za mkubwa hazizidi nusu saa. Twisheni inamchukua saa mbili na nusu, tena baada ya kutwa nzima ya masomo. Sasa ni kipi kinachomchosha mtoto huyu?

Ila kinachoniuma zaidi kiko nyumba ya jirani. Wana mapacha, kaka na dada, wote la saba, na mama yao alikuwa mkutanoni. Tangu Jumatatu kaka yuko na daftari barazani. Dada nimemwona kila jioni akitoka bombani na dumu kichwani, kama zamani. Nilipomuuliza mama yao kwa upole, alinijibu, "Huyu ni wa kike, lazima azoee." Kwa hiyo ile kazi haikuondoka. Kaka ameitua, dada ameongezewa.

Naomba maoni yenu. Mtoto wa la saba aachiwe kabisa, au wagawane wote? Na akiachiwa, fungu lake anapewa nani?

Baba wa watoto wanne, Ujiji:

Dada yangu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Mimi niliishia la saba. Alfajiri nilikuwa mwaloni nabeba dagaa, jioni nachota maji ya nyumba nzima, usiku nashika daftari macho yamejaa usingizi. Siku ya mtihani wa hesabu nilisinzia juu ya karatasi, msimamizi akanigusa bega. Wenzangu waliokuwa wanaachiwa wasome leo wana kazi za kukaa kivulini. Niliapa mtoto wangu hatapita nilipopita.

Tunazungumzia miezi michache tu. Kufagia atafagia maisha yake yote, mtihani huo ataufanya mara moja. Wewe una bahati watoto wako wanamaliza kwa nusu saa. Nyumba nyingi za huku, ukishafungua mlango wa "msaidie mama", hakuna anayejua kuufunga. Bora kuufunga kabisa hadi Septemba. Kuhusu mapacha hao, hapo nakubali, ni dhuluma. Lakini hiyo ni dhuluma ya wazazi wao, si kosa la makubaliano.

Mwalimu wa shule ya msingi, Tabora mjini:

Habari zenu ndugu zangu. Nimefundisha darasa la saba miaka mingi na ninalo la kusema kwa pande zote mbili.

Kwanza kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimzuii mtoto kusaidia nyumbani. Kinyume chake, inataja wajibu wake wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Kinachokatazwa ni kazi za kumnyonya, zinazomdhuru afya au kumnyima shule. Kuna mikataba miwili ambayo namba zake zimekutana kwa namna inayonifurahisha. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa 1989, inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, inasema mtoto ana wajibu kwa familia yake. Nikiwa na wazazi huwa naziweka hizo mbili pamoja. Kwenye ratiba tunayobishania hapa, mchezo sijauona. Si wewe mama uliyeutaja, si mkutano wenu.

Pili, sisi walimu tusijitoe. Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora, na mwaka 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea ili shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Wazo zuri, lakini tuliosoma baadaye tunakumbuka jinsi lilivyogeuzwa katika baadhi ya shule likawa kulima shamba la mwalimu na kumchotea maji. Baba wa Ujiji ana haki ya kuogopa. Kazi ya mtoto isipokuwa na kipimo, mkubwa yeyote atajichotea.

Kipimo changu ni hiki. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji, karibu uzito wa mtoto mzima wa miaka 6. Usimtwishe mtoto wa miaka 10 mtoto mwenzake. Mpe la lita 5, aende mara mbili na ndugu zake. Na ikifika saa mbili usiku kazi iishe, hata kama vyombo vimebaki. Darasani kwangu wanaosinzia saa mbili asubuhi nawafahamu kwa majina. Wengi ni wasichana, na nikiwauliza wameamka saa ngapi, wananijibu saa kumi.

Mama wa Katonga:

Dada, hayo ya friza ni ya mjini. Sisi wengine umeme tunao wa taa tu. Lakini maharage yasiwe kisingizio. Ninaloweka usiku, asubuhi nayachemsha nusu saa hivi, yatokote vizuri kabisa, kisha sufuria na mfuniko wake inaingia kwenye kikapu kikubwa nilichokijaza vitambaa vya zamani na kufunikwa blanketi. Nikirudi saa nane yameiva, ya moto bado, mkaa nimeokoa na hakuna mtoto aliyeachwa kulinda jiko. Ila yachemke kwanza, msiyafunike yakiwa nusu mabichi, yanaumiza tumbo.

Na kwa kuwa mmewasahau akina baba, niseme. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anatoka usiku na taa, mchana analala, sina ugomvi na hilo. Ila siku za mbalamwezi boti hazitoki. Zamani siku hizo alikuwa anashinda kijiweni. Mwaka juzi mwanangu wa kike aliumwa malaria wiki ya mbalamwezi, nami nina kichanga, na maji akachota mume wangu. Tangu hapo mbalamwezi ikifika, maji ni ya baba. Watoto wanaingoja kama sikukuu.

Mkulima wa Urambo:

Naongeza moja tu, sababu mnazungumza kama kazi za nyumbani ni ufagio na vyombo peke yake. Huku kwetu nyumbani ni pamoja na shamba la tumbaku, na mzazi atakwambia mtoto "ananisaidia". Jani bichi la tumbaku likiwa na umande linatoa sumu yake, nikotini, inapita kwenye ngozi. Mtoto anashikwa na kizunguzungu, anatapika, tunasema ana malaria. Nimemwona wa kwangu hivyo, nguo zimelowa hadi kifuani, anatetemeka juani. Sitarudia. Kama mnataka kuweka mpaka, tumbaku iwe nje ya mpaka huo kabisa, si la saba tu, darasa lolote, si siku za wiki tu, hata likizo.

Mtoa mada:

Asanteni sana. Nimesoma yote na kuna mambo yamenigeuza.

Mkulima wa Urambo, hapo hatubishani. Nilikuwa naongea kama mtu wa mjini. Pole kwa yaliyompata mtoto.

Mwalimu, umenishika kwenye mchezo. Nilirudi kwenye hesabu zangu nikaona kweli: nusu saa ya kazi, saa mbili na nusu za twisheni, daftari la usiku, na mpira haupo. Mwanangu alikuwa anacheza sana, siku hizi mpira uko uvunguni umeishiwa upepo, na mimi sikuona. Nimeamua twisheni aende siku tatu badala ya tano. Nimeshamwambia mwalimu wake wa twisheni, hakufurahi, lakini amekubali.

Mama wa Katonga, kikapu nimekitengeneza juzi. Siku ya kwanza nilichemsha kidogo mno, yakatoka magumu. Mara ya pili yameiva vizuri. Na hilo la mbalamwezi nimemsomea mume wangu kwenye simu akiwa Kibondo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza siku akirudi safari yeye apewe kazi gani. Nimempa kusonga ugali wa muhogo, kwa sababu sufuria ya watu watano inahitaji mkono wenye nguvu, na mkubwa alikuwa anausonga huku amesimama juu ya tofali.

Kaka yangu wa Ujiji, maneno yako ndiyo yaliyonifanya nifikiri zaidi. Yule mtoto aliyesinzia juu ya karatasi ya hesabu, mimi namwona. Wala simtaki kwangu. Ila angalia mwenyewe ulichokisimulia: ulikuwa unabeba mizigo mwaloni alfajiri, na maji ya nyumba nzima ulichota wewe. Nyumba nzima! Wengine walikuwa wapi? Ungekuwa umechota dumu lako moja dogo, na kila mtu lake, ungeingia kwenye mtihani ule umelala usingizi wako kamili. Wewe hukuangushwa na kusaidia nyumbani, uliangushwa na kuachiwa peke yako. Na makubaliano ya mkutano wetu yanamwachia peke yake mtoto mwingine, mara nyingi dada yake au mdogo wake, au binti aliyetolewa kijijini.

Kwa hiyo sisemi tena kwamba ombi lile litupwe lote. Mtihani ukikaribia, wiki za mwisho, mwanangu nitampunguzia. Lakini kabla ya kumtua nitataja kwa sauti, mbele ya wote nyumbani, fungu lake limekwenda kwa nani, na wa kwanza kunyanyuka nitakuwa mimi.

Mkutano ujao tumeambiwa ni mwezi ujao. Nimeandika swali langu kwenye karatasi ili safari hii nisinyamaze. Mama yake mapacha nimemwomba tukae benchi moja, na amesema atakuja na binti yake.