Mrejesho: nafasi ya kuandikia kwenye WordPress

Niliuliza namna ya kupata nafasi pana ya kuandikia kwenye kihariri cha WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), maana paneli ya mipangilio ikiwa wazi kulia, maandishi yanabanana. Nimefanikiwa, asanteni sana wakuu. Kumbe paneli ile inafungwa na kufunguliwa kwa Ctrl, Shift na alama ya mkato (,) kwa pamoja, bila kugusa kipanya. Kisha nikabonyeza vitone vitatu juu kulia, nikawasha upauzana wa juu, yaani safu ya vitufe vya kuhariri inayokaa juu ya ukurasa. Sasa vitufe havielei tena juu ya aya ninayoandika. Hilo limenifurahisha kuliko yote, hasa kwenye makala ndefu. Anayetaka menyu ya usimamizi wa tovuti ibaki kushoto azime hali ya skrini nzima, ipo kwenye vitone hivyohivyo.