Ile michoro ya zigizaga kwenye mawe ya baharini ni konokono kweli?

MamaWawili_Moshi:
Habari zenu wakuu. Pasaka tulishuka Tanga na wanangu, maji yamekupwa tukawa tunatembea kwenye mawe, yana ule utelezi wa kijani na juu yake kuna michoro zigizaga kama mtu kapitisha kifagio kidogo. Pembeni konokono wamejibana kimya. Kijana wangu wa darasa la nne anasema ni wao wanakula, mi nikambishia konokono hana meno. Tumerudi Moshi swali haliishi, nisaidieni.

Mwl_Ngarenaro:
Dada, mtoto yuko sahihi kabisa. Meno anayo tena mengi mno, yamepangwa safu safu juu ya utepe kama ulimi, unaitwa radula. Chukulia mbuzi ya kukunia nazi, ila hapa mbuzi ndo inatoka mdomoni inakwangua jiwe inarudi ndani na mwani, yaani huo utelezi wa kijani, na huku anatembea anapeleka kichwa kushoto kulia ndo unapata hiyo zigizaga. Jiwe linayala hayo meno kweli, lakini safu za mbele zikiisha za nyuma zinasogea na mpya zinaota, hivyo hivyo maisha yake yote. Halafu wapo wale wenye gamba kama kofia, meno yao yana madini ya chuma!! Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza waliyapima wakakuta ni imara kuliko uzi wa buibui. Ukipata mtu mwenye tangi la samaki na konokono wa maji yasiyo na chumvi, mpeleke kijana, akipanda kwenye kioo utaona mdomo unavyofunguka na kufunga.

Mdigo_wa_Majengo:
Nimekulia Tanga. Wale waliojibana hawajafa dada, wanatunza maji mwilini, jiwe likilowa tena ndo wanatoka kula. Na hao wa kofia wengi wakishiba wanarudi pale pale walipotoka, ukingo wa gamba umeenea na jiwe kama mfuniko na sufuria yake, ukimbandua ukamweka jiwe lingine haenei vizuri, jua linamkausha. Inaniuma sana nikiona watu wanawabandua kwa kucheza.

MamaWawili_Moshi:
Asanteni mwalimu na kaka. Sisi tulibandua mmoja tukamtia kwenye chupa na maji ya bahari, tunafika Same keshakufa. Nimemsomea kijana majibu yenu kakaa kimya, baadae kaniuliza maji huanza kujaa saa ngapi. Desemba tukishuka tutakaa pale ukingoni tuwaone wakitoka.