Donati za oveni bila sukari na bila ngano: zangu zinatoka kavu, zikilainika zinanuka mayai

binti_wa_chumbageni

Habari za jioni wakuu. Nyumbani kuna mzee mwenye kisukari cha aina ya pili, na chai ya jioni bila kitafunwa kwake si chai. Nataka donati za kuoka, zisizo na sukari na zenye wanga kidogo. Trei ya matundu 6 ninayo, mizani ninayo. Nilichotumia:

Unga wa nazi gramu 120 (maelezo yalisema unga wa lozi, ila bei ya lozi haishikiki, nikaweka wa nazi kiasi kilekile), mayai 2, siagi iliyoyeyushwa gramu 55, maziwa mililita 60, stivia (kitamu cha mmea badala ya sukari) paketi 4, beking pauda kijiko 1 cha chai. Oveni nyuzi 200, dakika 20.

Rojo halikuwa rojo, lilikuwa mchanga uliolowa. Nililisukumiza kwa vidole kwenye matundu. Zikatoka zimepasuka, chini zimeungua, ndani zinakaba koo. Mara ya pili nikapandisha mayai hadi 6. Zikashikana, lakini ukiuma ni kimanda chenye tundu katikati.

Nakosea wapi? Na je, unga wa muhogo unafaa? Dukani wanasema hauna glutini (ile protini ya ngano). Stivia ikiisha naweza kutia asali kidogo?

---

JikoLaChuma

Nianze na ya mwisho kwa sababu ni mafupi. Muhogo hapana. Kutokuwa na glutini na kuwa na wanga kidogo ni mambo mawili tofauti. Unga wa muhogo una wanga zaidi ya gramu 80 kwa kila gramu 100, ngano ina kama 75. Umemkimbia chui ukaingia kwa simba. Mtama, ndizi na mchele nao ni vivyo hivyo. Asali nayo ni sukari kwa asilimia kama 80, na sukari guru na tende ziko kundi hilohilo. Mwili wa mzee hautazitofautisha na sukari ya dukani.

Sasa kosa lenyewe. Unga wa nazi na unga wa lozi havibadilishani gramu kwa gramu. Wa nazi una nyuzinyuzi nyingi sana, unanyonya maji kama sifongo. Palipoandikwa lozi gramu 120, nazi ni gramu 40 hadi 45 tu. Wewe umeweka karibu mara tatu ya kinachotakiwa, ndiyo maana ukapata mchanga.

Halafu elewa kinachoishika donati ya namna hii. Kwenye ngano kuna glutini inayovutika na kushika hewa. Hapa haipo, nguzo pekee ni protini ya yai likishaiva. Ndiyo sababu unga wa nazi hudai mayai mengi, na ndiyo sababu ukizidisha unapata kimanda. Kwa unga wa nazi peke yake, matundu 6:

Unga wa nazi gramu 45, mayai makubwa 4, siagi gramu 60, tui zito mililita 80, erithritoli (kitamu kingine badala ya sukari) iliyosagwa gramu 60, beking pauda kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko, vanila kijiko 1, iliki iliyotwangwa nusu kijiko.

Iliki na vanila hapa si mapambo, ndizo zinazofunika harufu ya yai. Usizipunguze.

Ila kama unaweza kupata lozi kidogo, mchanganyiko huu una ladha bora kuliko wa nazi tupu: lozi gramu 80, nazi gramu 15, mayai 2, siagi gramu 55, tui mililita 75, vingine kama hapo juu. Mayai yamebaki mawili kwa sababu lozi hainyonyi sana.

Namna ya kuchanganya: mayai yawe yametoka kwenye friji mapema. Siagi iyeyushwe kisha ipoe hadi kidole kivumilie. Siagi ya moto ikikutana na yai baridi, ama yai linaiva vipandevipande au siagi inaganda vinundu. Piga mayai na erithritoli kwa uma dakika 2 hadi yatoe povu, mimina siagi na tui, ndipo uingize vikavu ulivyochekecha pamoja. Acha dakika 5. Rojo la nazi litazidi kuwa zito mbele ya macho yako, usikimbilie kuongeza unga. Unataka lianguke polepole kutoka kwenye mwiko, kama uji wa lishe uliopoa. Likikataa kabisa kuanguka, ongeza tui kijiko 1 cha chakula.

Paka trei siagi hadi kwenye ile nguzo ya katikati, wengi huisahau na hapo ndipo donati inapong'ang'ania. Tia rojo kwenye mfuko wa plastiki, kata kona, jaza robo tatu ya tundu. Ukijaza hadi juu, tundu la katikati linazibika na unapata keki ndogo.

Nyuzi 200 ni kali mno. Lozi na nazi zina mafuta yake na huungua kabla ndani hakujaiva. Weka 175, au 160 kama oveni ina feni. Dakika 15 hadi 18 kwa mchanganyiko wa lozi, 18 hadi 20 kwa nazi tupu. Bonyeza kwa kidole: ikirudi juu, imeiva. Kisha ziache kwenye trei dakika 10. Zikiwa za moto hazina nguvu kabisa, ukizigeuza mapema zinavunjika na utasema unga ndiyo mbaya.

---

Mizani_na_Kijiko

JikoLaChuma kamaliza suala la unga. Mimi niseme juu ya utamu, kwa sababu hizo paketi 4 nazo zina mchango kwenye ukavu.

Sukari kwenye donati haileti utamu tu. Inashika unyevu, inaleta rangi, na ni ujazo. Ukitoa gramu 60 za sukari ukaweka paketi za stivia zenye uzito usiozidi gramu chache, umeacha pengo. Na soma nyuma ya paketi: nyingi zimejazwa dekstrozi au maltodekstrini, stivia yenyewe ni chembe tu. Hivyo vyote viwili vinapandisha sukari ya damu.

Erithritoli ina karibu asilimia 70 ya utamu wa sukari na haipandishi sukari ya damu. Kasoro zake ni mbili. Haiyeyuki kirahisi, hivyo isage kwenye blenda kavu hadi iwe vumbi (subiri vumbi litulie kabla ya kufungua kifuniko, linakera pua), la sivyo utasikia mchanga ukitafuna siku ya pili. Na inaacha ubaridi mdomoni kama pipi ya mnanaa. Dawa ya ubaridi ni kupunguza: gramu 45 za erithritoli, halafu ncha ya kisu ya stivia safi isiyojazwa kitu. Erithritoli haibadiliki rangi kwa moto, kwa hiyo usisubiri donati ziwe kahawia kama za ngano. Utaziunguza ukisubiri rangi ambayo haiji.

Aluloza, kitamu kingine, ni laini zaidi na inatoa rangi nzuri, ila inatoa rangi upesi mno. Ukiitumia shusha oveni nyuzi 10 hadi 15. Xylitol ina utamu sawa na sukari, lakini ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo, kama kuna mbwa nyumbani makombo yasidondoke. Maltitoli iache. Biskuti nyingi zinazoandikwa "bila sukari" zimejaa hiyo, na inapandisha sukari ya damu karibu nusu ya sukari ya kawaida. Na zote hizi, aluloza ikiwemo, ukila kwa pupa tumbo litanguruma. Donati moja au mbili kwa siku zinatosha.

Jambo moja la afya: kama mzee anadunga insulini au anameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), kumwondolea wanga ghafla kwenye mlo bila kumwambia daktari kunaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Kitafunwa kimoja hakina shida, kubadilisha chakula chote ndiko kunakohitaji kurekebishwa dozi.

---

machicha_hayatupwi

Mnahangaika na bei ya unga wa nazi wakati mko pwani. Mkikuna nazi na kukamua tui, yale machicha mnayotupia kuku ndiyo unga wenyewe.

Kamua vizuri, tui la kwanza, la pili na la tatu, kwa maji ya moto. Kadiri unavyotoa mafuta ndivyo unga unavyokuwa mkavu na mwepesi. Usiyaache machicha mabichi mezani hadi jioni, kwa joto letu yanachacha ndani ya saa chache. Tandaza kwenye trei unene usiozidi nusu sentimita, oveni nyuzi 70 hadi 80, mlango uwe wazi kidogo ili mvuke utoke, saa 3 hadi 4, ukigeuza kila nusu saa. Chukua konzi, fumbata, fungua kiganja: yakimwagika kama pumba, yamekauka. Yakibaki na alama za vidole, bado. Yakianza manjano, umezidisha moto, na donati zitakuwa na ladha ya kashata.

Saga kwa mikupuo ya sekunde 10 kwenye kikombe kikavu cha blenda. Ukisaga mfululizo, mafuta yaliyobaki yanajitokeza na unapata tope la nazi. Chekecha, chenga rudisha usage tena. Hifadhi kwenye friji.

Angalizo: unga wa nyumbani una mafuta zaidi ya ule wa kiwandani, kwa hiyo unanyonya kidogo pungufu. Kwenye vipimo vya JikoLaChuma anza na gramu 50 badala ya 45, na siagi ipunguze hadi 50. Na ile nazi kavu iliyokunwa ya kwenye pakiti si unga, usidanganyike na jina.

---

binti_wa_chumbageni

Shukrani sana, kumbe nimekuwa nikitupa unga. Maswali mawili: mbegu za alizeti zilizobanguliwa zinaweza kushika nafasi ya lozi? Zina bei ya kibinadamu. Na umeme ukikatika, mkaa unaweza kuoka hizi au zitaanguka?

---

JikoLaChuma

Alizeti inafaa, na hii tofauti na nazi unabadilisha gramu kwa gramu na lozi. Wanga unaobaki ukitoa nyuzinyuzi ni kama gramu 11 kwa 100, lozi ni karibu 10. Zisiwe za chumvi wala za kukaangwa. Saga kwa mikupuo kama alivyosema mwenzangu, chekecha.

Usishtuke donati zikigeuka kijani. Alizeti ina asidi ya klorojeni, ikikutana na ualkali wa magadi au beking pauda inatoa rangi ya kijani, wakati mwingine inajitokeza kesho yake. Haidhuru, ila mzee anaweza kudhani ni ukungu. Tia maji ya limau kijiko 1 cha chai kwenye tui, na usitumie magadi kabisa, beking pauda peke yake.

Korosho ni tamu, lakini wanga wake ni kama gramu 27 kwa 100. Tumia nusu kwa nusu na alizeti, si zaidi.

---

Mizani_na_Kijiko

Niongeze hesabu, maana ndiyo kazi yangu hapa. Mchanganyiko wa lozi na nazi hapo juu, pamoja na tui, mayai na wanga ulio ndani ya beking pauda, unatoa kama gramu 3 za wanga kwa donati moja, ukitoa nyuzinyuzi na erithritoli. Donati ya ngano ya ukubwa huo ina kama 25 hata kabla ya kuipaka sukari. Tui la kopo angalia lisiwe limetiwa sukari au unga.

---

machicha_hayatupwi

Mkaa unaoka vizuri tu, ila moto wa juu ndio muhimu kuliko wa chini. Sufuria nzito pana, mimina mchanga safi au chumvi ya mawe unene wa kidole, weka kigae au kikombe cha chuma kilichopinduliwa kiwe kinara. Funika, pasha dakika 15 kwa makaa ya wastani. Hapo toa makaa yote makubwa chini, bakiza machache pembeni, mengine yapandishe juu ya kifuniko. Trei iingie katikati bila kugusa ukuta wa sufuria. Kama trei ni kubwa, tumia vikombe vidogo vya chuma na gololi ya karatasi ya alumini katikati iwe tundu.

Usifunue kabla ya dakika 18. Hapa hakuna glutini ya kuzishika, ukifunua yai halijaganda, hewa baridi inaingia na zinabonyea katikati, hazipandi tena. Dakika 20 hadi 25 kwa kawaida. Chini zikiungua huku juu ni peupe, kosa ni makaa ya chini, usiongeze muda.

Kupaka juu: subiri zipoe kabisa, chovya kwenye siagi iliyoyeyuka halafu kwenye erithritoli ya vumbi iliyochanganywa na mdalasini. Ukipaka zikiwa na moto, vumbi linanyonywa na kutoweka, unabaki na donati yenye jasho. Na usizifunike kwenye bakuli usiku zikiwa mezani. Unyevu wa nazi unazifanya ziteleze asubuhi. Friji siku 4, au zigandishe, kisha dakika 5 kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa.