Duka la ubia Chake Chake: mali imepungua, kila mmoja anamshuku mwenzake

Mtu wa Tibirinzi
Assalaam alaykum. Mtaji wa 6,000,000 nimetoa mimi, mwenzangu anauza, faida nusu kwa nusu, maneno ya mdomo tu. Rafu zina mapengo. Yeye anasema pesa zimo kwa wateja. Nimeshachukua 1,000,000, yeye 1,800,000. Twende kwa kadhi?

Daftari
Wa alaykum salaam. Mahkama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, si ya duka. Anzeni na hesabu. Fungeni siku moja, mmoja ahesabu, mwengine aandike, na awepo wa tatu asiye na upande. Kila kitu kwa bei ya kununulia. Ukipiga ya kuuzia unajipa faida ya hewani. Mchele ulioingia fukusi na biskuti zilizolainika, sifuri.

Tuseme mali 4,100,000, pesa mkononi na kwenye simu 350,000, madeni ya wateja 1,200,000, na wauzaji wa jumla wanakudai 900,000. Inabaki 4,750,000. Hapo watu huruka: "hasara!" Rudisha kwanza mlichochukua, 2,800,000, inakuwa 7,550,000. Toa mtaji 6,000,000, faida ni 1,550,000, kila mmoja 775,000. Wewe umezidisha 225,000, yeye 1,025,000. Mmekula mtaji mkidhani faida.

Mzee wa Mkoani
Hesabu nzuri, lakini imeegemea ile 1,200,000. Chukueni daftari mwende wote wawili kwa kila mdaiwa, akiri na atie saini. "Mama Asha, sukari" bila tarehe wala kiasi, futeni. Zikifa 700,000, faida inashuka hadi 850,000 na yeye anakuwa amezidisha 1,375,000.

Mtu wa Tibirinzi
Hizo zilizokufa si alipe yeye, aliyekopesha?

Ustadh
Ulimruhusu kukopesha?

Mtu wa Tibirinzi
Ndiyo, bila kumwekea kiasi.

Ustadh
Basi humbebeshi. Mtaji wako, kazi yake: hiyo ni mudharaba. Hasara hukatwa kwanza kwenye faida, ikizidi ni ya mwenye mali, mfanyakazi hupoteza jasho lake, ila akizembea au akivuka sharti. Na sharti hukuweka. Alichochukua zaidi ya fungu lake ndicho cha kudai, nacho akatwe kidogo kidogo kwenye faida zijazo.

Daftari
Mkiendelea, andikeni mbele ya mashahidi wawili: mteja mmoja asikope zaidi ya kiasi fulani, hesabu kila miezi mitatu, na kinachochukuliwa kabla ya hesabu kiandikwe kuwa tangulizi, si faida.